Arabuko-Sokoke kwa baiskeli: njia za kupita na mchanga wa kukwepa

Watu huniuliza sana, we kwani huwa wapita wapi na hiyo baiskeli kila Jumamosi, nikiwaambia Arabuko wanashtuka, "kule si kuna ndovu?" Ndovu wapo ndio, ntafika huko. Lakini tangu nianze kuendesha huo msitu ndovu hajawahi kunitoa jasho hata siku moja, alonitoa jasho ni mchanga. Kwa iyo haya maelezo yangu mengi ni ya mchanga, usichoke, maana ukishaujua mchanga njia zenyewe ni rahisi.

Kwa asojua, msitu uko kama kilomita 16 kusini ya Malindi, ukishapita Gede kuelekea Mombasa unauona mkono wa kulia, na ni mkubwa, kilomita mraba 420 hivi, ndo msitu mkavu wa pwani mkubwa zaidi ulobakia Afrika Mashariki yote. Watu wengi wa Malindi tumeupita kwa matatu mara mia na hatujawahi kushuka. Mimi mwenyewe nilikuwa hivo, mpaka siku niliponunua baiskeli ya mtumba, zile mauntini za tairi namba 29, nikasema kwani naenda tu Casuarina na kurudi mpaka lini.

Siku ya kwanza nilijaza upepo mpaka tairi ikawa jiwe, nikaona hapo ndo itakimbia. Nikashuka Gede, nikashika ile njia inoenda Mijomboni kandokando ya msitu, dakika kumi tu niko chini nasukuma, mchanga umefika kwa rimu. Nasukuma hivi, nyuma nasikia kengele, ngri ngri, mzee mmoja na mamba lake (zile baiskeli nzito nyeusi za mizigo), mitungi minne ya maji imefungwa kwa mpira, anapita polepole wala hahemi. Akanitizama akasema, "Kijana, mbona wafuata gari? Magari ndo yavunja mchanga. Pita ukingoni kwa majani." Akapotea. Nikatizama alipopita, kweli, tairi yake imepita pale pembeni kabisa kwenye majani makavu na mizizi ya nyasi, alama nyembamba kama uzi. Nikamfuata kwa hiyo hiyo alama mpaka nikafika. Hilo ndo somo nambari moja na sikulipata kwa mtandao, zile alama mbili za gari katikati ya njia ndo pabaya zaidi, ukingo ndo wako.

Sasa tuje kwa rangi. Huu msitu una sehemu tatu na kila moja ina ardhi yake, ukijua uko kwa gani unajua utaendesha ama utasukuma. Upande wa mashariki, huu wa karibu na highway na bahari, ni msitu wa mchanganyiko, miti mirefu ya kila aina, mibambakofi ile mbao yake ndo milango ya Lamu, kivuli kizito, mvua huku inashuka nyingi kidogo, kama milimita 1000 kwa mwaka, kwa iyo ardhi imeshikana na majani yamefunika, hapa mtu yeyote anaendesha hata mtoto. Ukiingia ndani zaidi unakutana na mirihi, hiyo miti imeachana achana, jua linapiga mpaka chini na mchanga ni mweupe peee kama wa Shela, ukiuona huo jua shughuli imeanza. Ukivuka mirihi ukielekea magharibi na kaskazini ardhi inapanda inakuwa nyekundu, vichaka vifupi vimesongamana huoni hatua tano mbele, wataalamu wanauita msitu wa Cynometra, na kule ni kukavu, mvua kama milimita 600 tu. Huo wekundu ukiwa mkavu baiskeli inaimba kabisa, ila ikinyesha mvua kubwa unanata, unajaa hapo kwenye breki mpaka gurudumu linagoma.

Na mweupe ni kinyume chake! Mchanga mweupe mvua ndo dawa yake. Asubuhi ya pili baada ya mvua unakuwa mgumu kama ufuoni maji yakitoka, unapita juu juu hata alama haizami. Kwa iyo imenyesha jana usiku, leo nenda mirihi uache wekundu. Hakujanyesha wiki tatu, enda wekundu uache mirihi. Mambo yote ni hayo.

Kwa mwaka mzima, miezi yangu ni Julai mpaka Septemba, mvua ya masika imeisha, kusi inapoza, ardhi bado ina maji kidogo. Vuli ikianza Oktoba pia pazuri kwa siku mbili tatu baada ya mvua. Januari mpaka Machi, kaskazi, joto, vumbi, mchanga umekuwa unga, mimi hiyo miezi huendesha nje ya msitu tu na namaliza kabla saa tatu asubuhi. Mei usijisumbue, njia zina madimbwi na hujui dimbwi lina kina gani mpaka umeingia.

Baiskeli yenyewe sasa. Zile nyembamba za lami sahau. Hizi za graveli zinazotajwa sana siku hizi zinafaa nje ya msitu, njia za changarawe na za vijijini, ila kwa mirihi tairi yake bado nyembamba, mi nasema tairi ya inchi mbili na kitu ndo ya huku. Upepo punguza, mimi kwa tairi ya 2.1 na kilo zangu 74 naweka psi 22 mbele, 25 nyuma, ukiibonyeza kwa kidole gumba inaingia kidogo, kama embe lililoanza kuiva. Mwenye kilo nyingi aongeze kidogo.

Alafu kitu kimoja watu hawaangalii ni valvu. Baiskeli nyingi za kisasa zinakuja na ile valvu nyembamba ya kufungua kaskrubu juu. Ukipata pancha Kakuyuni na tubu yako ya akiba imeharibika, duka la kijiji litakuwa na tubu ya mamba namba 28 pekee, na hiyo ukiibana bana inaingia kwa tairi ya 29 na itakufikisha nyumbani, lakini valvu yake ni nene haipiti kwa tundu la rimu la ile nyembamba. Yalinikuta. Nilikuwa nimeuziwa tubu mbovu na duka moja mjini (silitaji), imepasuka kwa mshono, na fundi pale chini ya mwembe ana tubu ya 28 mkononi na haiingii, tukatizamana tu. Mwisho nilirudi kwa boda, baiskeli nimeibeba begani kama jeneza, boda anacheka njia nzima. Tangu siku hiyo rimu zangu ni za tundu nene, valvu ya gari, pampu yoyote inaingia, hata petroli stesheni. Beba tubu mbili, kiraka na gundi, pampu, na vile vijiti vya kutolea tairi. Miba iko, hasa upande wa Jilore kwenye migunga.

Kuendesha kwenye mchanga: ukiuona mbele yako shuka gia moja kabla hujaingia, sio ukiwa ndani. Rudisha uzito nyuma, mikono iwe laini, hendeli iache ichezecheze yenyewe usiipiganie, macho mbali, na miguu isisimame. Ukiacha kukanyaga tu umekwisha, gurudumu la mbele linajichimbia na unaenda kumbusu ardhi. Na kupinda pinda usithubutu, mchanga hautaki kona. Ukishashuka usijaribu kupanda hapo hapo, sukuma mpaka kwa ugumu.

Haya, njia.

Ya kwanza, na ndo ninayoipenda kuliko zote, haingii msituni kabisa bali inapita ubavuni, Gede, Mijomboni, Kakuyuni, Ganda, Malindi. Msitu uko kushoto kwako na fensi ya umeme (usiiguse, na usiegemeze baiskeli hapo kupiga picha, kuna jamaa alijaribu), kulia kuna mashamba, minazi, mikorosho, miembe. Hakuna kiingilio, hakuna wa kukuuliza unaenda wapi ila watoto, na watoto wa Malindi ukipita na helmeti wanakupigia "chao! chao!" hata kama we ni mweusi kama wao, Wataliano walituachia hiyo. Wajibu chao maisha yaendelee. Wazee waamkie, usipite kama upepo, punguza mwendo useme shikamoo ama kama unajaribu Kigiriama "mudzilamukadze", hata ukikosea utachekwa kwa mapenzi na utaelekezwa njia vizuri, maana njia panda ni nyingi na hakuna kibao hata kimoja. Mimi nauliza kila njia panda, "Kakuyuni ni hii?" sijali simu inasemaje, simu iliwahi kunipeleka mpaka uani kwa watu wakianika mahindi.

Ujanja wa hii njia ni upepo. Wakati wa kusi panda matatu asubuhi mpaka Gede alafu endesha ukirudi Malindi, upepo unakusukuma mgongoni. Wakati wa kaskazi geuza, toka Malindi ukaishie Gede, urudi kwa matatu. Makanga watakutoza nauli ya baiskeli, patana kabla haijapanda juu, ikishafungwa kule keria huna nguvu tena. Toa gurudumu la mbele mwenyewe, usiwaache walivute. Highway yenyewe kutoka Malindi mpaka Gede mimi siiendeshi, malori na mabasi ya Mombasa hayajui kama kuna baiskeli, labda saa kumi na mbili alfajiri Jumapili.

Desemba na Januari hapo kwenye mikorosho utapata mabibo yameanguka mpaka njiani, omba ule, ila maji yake yakidondoka kwa shati hayatoki, mimi nina shati mbili za ushahidi. Na ukiona watu wamekaa kwenye viti vya minazi na vibuyu, hapo ni mangwe, mnazi wa asubuhi ni mtamu ndio lakini kunywa siku nyingine, na jua la saa nne na mchanga hautafika Ganda.

Ya pili ni ya ndani, kutoka kituo cha msitu cha Gede. Hapa kuna ofisi ya KWS (shirika la wanyamapori) na ya misitu, unalipia kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, kwa iyo fanya malipo ukiwa bado una mtandao mzuri, usije na noti mkononi wakakurudisha. Sema mapema kwamba uko na baiskeli na unataka kufika wapi. Kwa njia fupi za karibu na kituo unazunguka taratibu kwenye kivuli, saa moja na nusu umemaliza. Hapa tembea kimya uangalie chini kwa majani, kuna sange, mnyama kama panya mkubwa mwenye pua ndefu, makalio yake ya dhahabu kabisa kama amekalia rangi, na karibu wote waliopo duniani wako huu msitu tu. Utamsikia kabla humuoni, chakarachakara kwenye majani makavu, alafu mruko mmoja ameenda.

Njia ndefu ni ya kuvuka mirihi mpaka Nyari, pale juu kwenye mwamba, ukifika unaona msitu wote chini yako kama kapeti na kwa mbali hori ya Mida na bahari. Hii usiende peke yako. Narudia. Kuna waongozaji wa msitu hapo kituoni, vijana na wazee wa vijiji vya hapo hapo, wana chama chao, wanajua ndege kwa sauti na wanajua ndovu walilala wapi. Mwite siku moja kabla, aje na baiskeli yake ama mkodishie. Huyo huyo ukimuomba anaweza kukuonyesha yule bundi mdogo wa Sokoke, kiganja na nusu hivi, analala mchana kwenye vichaka vya wekundu na peke yako utampita mita moja usimuone. Mwongozaji wangu alinisimamisha akanyosha kidole, nikatizama dakika nzima naona majani tu, mpaka jani likafumbua jicho.

Kwa habari ya ndovu. Baiskeli haina sauti na hiyo ndo hatari yake, gari ndovu analisikia kutoka mbali anaondoka, wewe unatokea kwenye kona uko naye uso kwa uso. Kwa iyo kwenye kona na vichakani piga kengele, ongea, imba kama unaweza. Ukiona mavi ya ndovu shuka uyatizame, makavu na mchwa wameingia endelea, mabichi na bado yana mvuke geuza papo hapo usitake kujua zaidi. Matawi yamevunjika na utomvu bado unatoka, hivyo hivyo. Ukimuona mwenyewe, kengele basi, kimya, usipige picha, rudi nyuma polepole ukisukuma baiskeli mpaka asikuone ndo upande. Nyati pia wapo na nyati hana mazungumzo. Msituni uingie kumeshapambazuka vizuri na utoke kabla jua halijaanza kulala, jioni na usiku ni wao.

Maji, beba lita tatu. Sio mbili. Ndani hakuna duka, na yale mabwawa si ya kunywa. Mtandao unapotea ukishaingia sana, shusha ramani kwa simu ukiwa nyumbani na mwambie mtu unatoka saa ngapi. Kula kabla, mi hula mahamri na mbaazi pale Gede saa kumi na mbili na nusu, na mfukoni nabeba tende na ndizi, zile biskuti za kuongeza nguvu zinazouzwa bei ghali zinayeyuka tu.

Kama una familia ama rafiki asoweza sana, kuna ya tatu rahisi. Magofu ya Gede, mradi wa Kipepeo uko hapo hapo, tangu 1993 watu wa vijiji wanafuga vipepeo na kuuza pupa wao (kabla kipepeo hajatoka kwenye ganda) ng'ambo badala ya kukata miti, alafu teremka mpaka Mida kwenye mikoko, kuna daraja la mbao linaloning'inia mpaka kibandani juu ya maji. Baiskeli usiingie nayo kwenye daraja, na usiendeshe kwenye tope la Mida hata maji yakitoka, lile tope linameza. Magofu nayo ingieni, mji ulihamwa karne ya 17 na miti ikaumeza, tangu 2024 uko kwa orodha ya UNESCO, ila funga baiskeli getini kwa mlinzi, msiingie nazo.

Upande wa Jilore sijausema sana, ni pazuri, ziwa lipo na Mto Sabaki uko karibu, lakini ile barabara kubwa ya Sala, inoenda geti la Tsavo, magari yanakimbia na kivuli hakuna, mi hupitia Kakuyuni tu nikatokea huko. Ziwani usiende karibu na maji, ukanda wote wa Sabaki una mamba, na si lile la baiskeli.

Na kuna wanaochanganya Nyari ya msituni na Nyari ya Marafa, ile wanaita Hell's Kitchen. Hizo ni mbili tofauti kabisa. Ya Marafa unavuka daraja la Sabaki, Mambrui, Marikebuni, ndo ufike, ni kama kilomita 40 toka Malindi na msitu mzito hakuna, ni jua tu, lakini yale makorongo mekundu jioni ni ajabu. Wazee wanasema palikuwa na mji wa matajiri waliokuwa wakioga maziwa, Mungu akauzamisha. Ukienda lala huko huko, usirudi usiku.

Ukifika nyumbani usiiweke baiskeli hivo hivo. Mchanga mweupe ukikaa kwa cheni usiku mmoja asubuhi inalia kama paka. Ipige brashi kavu kwanza, alafu maji kidogo, na yawe ya bomba au ya mvua, visima vingi huku ni chumvi na ukiosha nayo wiki mbili spoku zimeanza kutu. Futa, acha kivulini ikauke, tia oili matone machache ndani ya cheni, ufute tena ile ya juu, maana oili ya juu inaenda kukusanya mchanga wa Jumamosi ijayo.